Aksolotli na nyuti katika joto la Tanga: niwalishe mara ngapi?

Swali: Shikamoo daktari. Niko Chumbageni, Tanga. Mwalimu mmoja mgeni amemaliza mkataba wake hapa mjini akaniachia tangi la kioo lenye salamanda watatu, wanyama wa majini wenye umbo la mjusi: aksolotli mmoja wa rangi ya waridi, urefu wake kama kalamu, na nyuti wawili weusi wenye matumbo mekundu, wadogo kama kidole. Nawapa nyama ya kusaga asubuhi na jioni. Nyuti hawaigusi. Aksolotli alikuwa akila vizuri, lakini wiki hii anatema, na mara nyingine anaelea juu huku nyuma kumeinuka. Chini ya tangi kuna kokoto za rangi. Maji natia ya bomba. Niwalishe mara ngapi kwa siku, na je, nyama inawafaa? Wanangu wanawapenda, wanashinda wakiwashika.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza habari za chakula nami nitakujibu, ila kuna kazi ya kufanya leo hii kabla ya magharibi: watoe nyuti hao wawili, uwaweke kwenye chombo chao peke yao. Aksolotli hatafuni. Hufungua kinywa kwa ghafla, maji yakavutwa ndani pamoja na chochote kilicho mbele yake, na kinachoenea kinywani kinaishia tumboni kikiwa kizima. Nyuti wa ukubwa wa kidole anaenea, au ataenea baada ya miezi michache. Na ngozi ya nyuti mwenye tumbo jekundu, awe wa China au wa Japani, ina sumu iitwayo tetrodotoksini, ileile aliyo nayo samaki bunju. Wewe mtu wa pwani, habari za bunju sina haja ya kukuhadithia. Mwaka 1979 huko Oregon, Marekani, kijana mmoja mlevi alimmeza nyuti mzima baada ya kuchokozwa na wenzake, akafa siku hiyohiyo. Nyuti wa kule ana sumu nyingi kuliko hawa wako, lakini ya hawa wako inatosha kabisa kumuua aksolotli.

Wanao waache kuwashika. Kumgusa nyuti mara moja hakumdhuru mtoto mwenye ngozi nzima, ila mkono ulioshika ukienda machoni au mdomoni ni jambo jingine, na wanyama wa aina hii hubeba pia bakteria wa salmonela. Anayetia mkono humo anawe kwa sabuni. Kwa mnyama mwenyewe, mkono wa mtu ni moto na mkavu, na ngozi yake ni laini mno. Wamtazame tu, anatosha kutazamwa.

Sasa, mara ngapi. Si asubuhi na jioni, wala si kila siku. Aksolotli wa urefu wa kalamu bado anakua kidogo, kwa hiyo mlishe siku moja, ruka siku moja. Akifika sentimita 18 hadi 20 na kuendelea, mara mbili au tatu kwa wiki zinamtosha maisha yake yote. Nyuti wazima nao ni hivyohivyo, mara mbili au tatu kwa wiki. Wapo salamanda wakubwa wa nchi kavu, kama yule wa Marekani mwenye mabaka kama ya chui, ambao mtu mzima wao hula mara moja au mbili kwa wiki, na hata hapo hunenepa hadi tumbo likaburuta chini, maana hana adabu ya kukataa anachopewa. Wanaokula kila siku, tena mara mbili, ni watoto wachanga peke yao. Hao wakikosa chakula hung'atana miguu. Mguu huota tena, ni viumbe wa ajabu kwa hilo, lakini si sababu ya kuwaacha na njaa.

Najua mtu aliyezoea kufuga paka au kuku huona huku ni kumtesa mnyama. Paka hula kila siku kwa sababu sehemu kubwa ya chakula chake inateketea ili damu yake ibaki ya moto. Salamanda hana gharama hiyo. Joto lake ni la maji aliyomo, tumbo lake linafanya kazi polepole, na mlo mmoja wa maana unaweza kumchukua siku mbili au tatu kumalizika. Ukimpa mwingine juu ya ule ambao haujasagika, ama atautema ama utamwozea tumboni. Aksolotli wako ameanza kuyafanya hayo.

Na hapa ndipo Tanga inapoingia, na naomba unisikilize vizuri, maana ratiba zote utakazoziona mahali kwingine zimeandikwa na watu ambao maji ya vyumba vyao ni ya baridi. Asili ya aksolotli ni Xochimilco, kusini mwa Jiji la Mexico, kwenye uwanda ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Hutulia katika maji ya nyuzi 16 hadi 18. Huvumilia 20, 22 kwa shida, na kuanzia 24 mwili wake unaanza kushindwa. Nyuti wako nao ni watu wa baridi, hupenda kati ya 16 na 22. Tangi lililokaa sebuleni Chumbageni wakati wa kaskazi, mwezi Januari au Februari, maji yake yanafika 28 hadi 30 bila hata kupigwa na jua. Kipupwe cha Julai kinapunguza, lakini hakifikishi 18.

Joto linapopanda kidogo, mnyama wa damu baridi huchangamka na kula zaidi. Likipanda kupita kiasi mambo yanageuka. Mwili unadai hewa nyingi, na maji ya moto hubeba hewa kidogo: lita moja ya maji ya nyuzi 18 hushika kama miligramu 9.5 za oksijeni, ya nyuzi 30 hushika 7.5. Hamu ya kula inakatika, bakteria wanazaana, chakula kilichomo tumboni kinatoa gesi. Mwenye mnyama anamwona amekonda, anamwongezea chakula. Wengi wa aksolotli wa mwambao wanafia hapo, na mwenyewe hubaki akilaumu chakula.

Kwa hiyo kabla hujanunua kitu kingine chochote, nunua kipimajoto cha maji. Mimi hufuata hivi: maji yakiwa chini ya 20, ratiba niliyokupa ifuate kama ilivyo. Yakiwa 21 au 22, siku zilezile lakini mlo mdogo. Yakifika 23, mlo mmoja kila siku ya tatu, tena nusu ya kawaida. Yakipita 24, usimpe kitu, poza maji kwanza. Aksolotli mzima mwenye mwili anaweza kukaa wiki mbili bila chakula na asipate dhara. Wiki mbili ndani ya maji ya nyuzi 29 ni suala tofauti kabisa.

Kupoza maji mwambao si mchezo. Bibi zetu walipoza maji kwa mtungi, na kanuni yake ni nzuri: maji yakivukizwa yanaondoka na joto. Ila hewa ya Tanga imejaa unyevu, mvuke haupati pa kwenda. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji, mfuniko ukiwa wa wavu, itakupunguzia nyuzi mbili, pengine tatu siku yenye upepo. Chupa za maji yaliyoganda zinasaidia zaidi: uwe nazo nne au tano kwenye friza, ubadilishe asubuhi, mchana na usiku, na zielee ndani zikiwa zimefungwa. Angalia tu yasiwe maji ya kupanda na kushuka nyuzi tano ndani ya saa moja, hilo nalo linamtesa. Umeme ukikatika siku nzima, mpango wote umelala. Mashine ya kupozea maji ya akwariamu ndiyo dawa hasa, lakini kuipata ni shida, bei yake ni kubwa na inakula umeme.

Nitakuambia ninachokiona bila kukuficha: kama una ndugu au rafiki Lushoto anayependa wanyama, mpelekee. Kule, kiasi cha mita 1,400 juu, chumba cha kivuli kina baridi ambayo wewe utaitafuta kwa pesa na hutaipata. Watoto wawatembelee likizo. Nasema hivi nikijua ulivyowazoea, na ukiamua kukaa nao Tanga sitakulaumu, ila uwe tayari na kazi ya chupa kila siku ya Mungu.

Turudi kwenye nyama. Nyama ya ng'ombe ya kusaga iache leo. Ina mafuta ya mnyama wa damu moto, ambayo tumbo la mnyama anayeishi nyuzi 18 haliwezi kuyasaga vizuri. Ina kalisi kidogo na fosforasi nyingi, mifupa inadhoofika. Na inapotawanyika ndani ya maji inaoza kabla ya saa nyingi. Maini na moyo wa ng'ombe ni hivyohivyo. Dagaa wakavu wa sokoni wana chumvi, usimpe. Samaki wabichi wadogo wadogo wasiwe chakula cha kila siku, kwani baadhi yao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1.

Chakula chenyewe kiko chini ya migomba. Nyungunyungu wa kawaida, yule ambaye vijana humtia kwenye ndoana, ana protini, ana kalisi ya kutosha, na ni laini. Ningeambiwa nichague chakula kimoja tu cha kumlisha salamanda maisha yake yote, ningechagua huyo bila kufikiri mara mbili. Chimba mahali penye kivuli na mboji, pasipopuliziwa dawa ya wadudu. Bustani ya mchicha ya jirani anayepiga dawa kila wiki, pita mbali. Ukishawapata, waweke siku moja kwenye ndoo yenye udongo safi wenye unyevu ili watoe walichokula, kisha uwasuuze. Wale wembamba wekundu wanaojaa kwenye lundo la samadi waache, wakibanwa hutoa maji ya manjano yenye harufu, na aksolotli akionja mara moja atatema, pengine atakuwa na wasiwasi hata na nyungunyungu wazuri. Minyoo ya baharini wanayochimba wavuvi ufukweni nayo hapana.

Kwa nyuti, kata nyungunyungu vipande vya sentimita moja hadi mbili. Sababu ya kukataa nyama ni kwamba nyuti huwinda kwa macho na pua, na kitu kilicholala bila kutikisika, kikiwa na harufu ya mafuta, hakimwambii kwamba ni chakula. Viluwiluwi vya mbu wanavipenda sana, na hapa kwetu havinunuliwi. Hatari yake unaijua: ndoo ya maji uani, usipoiangalia, ni kiwanda cha mbu. Mwaka 2019 homa ya dengue ilizisumbua Dar es Salaam na Tanga, na mbu wake huzaliana kwenye vyombo vya namna hiyohiyo. Kama utavitumia, funika ndoo kwa chandarua mara tu unapoona viluwiluwi, vichote kila siku kwa chujio la chai, na kila siku ya tano mwaga ndoo yote kwenye mchanga mkavu uanze upya. Kama huna uhakika utakumbuka, usianze. Uduvi wabichi wasio na chumvi, waliosuuzwa vizuri, wanafaa mara mojamoja. Na wauzaji wa samaki wa mapambo wakiwa na vidonge vinavyozama vya samaki walao nyama, weka kopo moja kwa ajili ya siku za ukame ambapo nyungunyungu wameingia chini sana.

Namna ya kulisha ina umuhimu wake. Lisha jioni, taa za chumba zikiwa hafifu, kwa sababu hawa ni wanyama wa usiku na mwanga mkali unawaudhi. Chukua kibano cha plastiki chenye ncha butu, shika nyungunyungu katikati, umpitishe polepole mbele ya pua ya aksolotli, kama sentimita mbili hivi. Utaona matamvua yake, yale ya kupumulia yaliyo kando ya kichwa, yakirudi nyuma, kichwa kinageuka kidogo, halafu kinywa kinafunguka na kufumba kwa kasi ambayo jicho halioni. Mara nyingi ncha mbili za nyungunyungu hubaki nje zikipapatika pande mbili za mdomo. Usimvute. Atatulia, atameza kidogo, atatulia tena, kila mara akisukuma kichwa mbele, mpaka zote ziishe. Akimtema mara moja, mkate nyungunyungu vipande viwili, pengine alikuwa mrefu mno. Akimtema mara ya pili, funga duka kwa leo.

Nyuti ni wa taratibu zaidi. Humkaribia mdudu, akasimama, akainamisha pua kama anayemnusa, akakaa hivyo mpaka wewe ukate tamaa, ndipo anang'ata. Kisha hutikisa kichwa na kujisukumasukuma kwa mikono ya mbele. Wakiwa wawili, hakikisha kila mmoja ana chake upande wake, la sivyo watashika ncha mbili za nyungunyungu mmoja na hakuna atakayeachia. Wape muda wa dakika kumi. Kilichobaki kitoe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, hata kama ni kipande kimoja. Chakula kinachooza ndani ya maji hutoa amonia, na amonia huwa kali zaidi kadiri maji yanavyokuwa ya moto.

Kipimo cha kama unalisha sawa hakipo kwenye kalenda. Simama juu ya tangi umtazame mgongoni. Upana wa tumbo uwe karibu sawa na upana wa kichwa. Tumbo likizidi kichwa, ongeza siku za kuruka, isipokuwa ni jike mwenye mayai. Likiwa jembamba kuliko kichwa na shina la mkia limenyauka, na maji yana baridi, ongeza mlo. Maji yakiwa ya moto, umeshajua la kufanya.

Huyu anayeelea sasa. Nadhani ni mambo mawili kwa pamoja: nyama iliyomjazia gesi, na huenda kokoto. Nilivyokueleza anavyokula, kila anapovuta nyama iliyolala chini huvuta na kokoto, na kokoto ikiingia huenda isitoke. Zitoe zote leo. Aksolotli anaweza kuishi kwenye tangi lenye sakafu tupu, au ukitaka upendeze, weka mchanga laini sana uliooshwa, si wa ufukweni wenye chumvi na vipande vya kombe. Punguza kina cha maji ili miguu yake iguse chini akijinyoosha. Poza maji hadi chini ya 20, na usimpe chakula siku tano hadi saba. Wengi hupata choo wakashuka wenyewe. Asiposhuka, au ukiona tumbo gumu upande mmoja, matamvua yamekunjika kuelekea mbele na ncha ya mkia imejikunja, usimpe dawa ya kuharisha wala mafuta ya nazi, usisikilize wa mtaani. Mpeleke kwa daktari wa mifugo aliye tayari kumpiga picha ya eksirei.

Maji ya bomba yalaze kwenye ndoo pana usiku mzima ili klorini itoke, na ubadilishe sehemu moja ya tano mara mbili kwa wiki. Wakati unalisha nyama ungepaswa kubadilisha mara nyingi zaidi, lakini hilo limepita.

Jambo la sheria, kwa ufupi: aksolotli yumo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo mwombe mwalimu akutumie nakala za karatasi alizoingilia nazo mnyama, uwe nazo ndani. Tanga waja leo waondoka leo, ila karatasi zao zibaki.

Na hata siku utakapochoka nao, usiwaachie mtoni wala kwenye dimbwi. Kusini mwa Sahara hakuna salamanda wa asili hata mmoja. Katika Afrika wako kaskazini tu, Moroko, Aljeria na Tunisia. Wanyama waliotoka nje wanaweza kuja na kuvu wa ngozi wanaoua vyura. Chura wa Kihansi, aliyetangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini, kuvu wa aina hiyo ni mmoja wa wanaoshukiwa. Milima ya Usambara ina vyura wasiopatikana popote pengine duniani. Kwa hiyo ukiwapeleka Lushoto, mwambie wazi huyo ndugu yako: maji ya tangi yamwagwe chooni, kamwe yasiende kwenye kijito au mfereji wa shamba, na ndoo na vibano vya tangi visitumike kwingine.

Ukisafiri siku saba au kumi na maji yana baridi, usimwachie dada wa nyumbani kazi ya kulisha. Atawahurumia, atamwaga chakula cha siku zote kwa mara moja. Mlishe aksolotli na nyuti jioni, siku mbili kabla ya kuondoka, safisha, badilisha maji, mwachie dada chupa za barafu na ratiba yake, na nyungunyungu wabaki kwenye ndoo yao chini ya mgomba.